Iqbal aliikataa shule ya Kizungu, au alikuwa na ugomvi mwingine?

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga, na jioni nasomesha madrasa mtaani kwetu. Katika mhadhara mmoja sheikh alimtaja Allama Iqbal wa Pakistan kuwa aliikataa elimu ya Kizungu, akasoma na shairi lake la kuilaumu shule. Nyumbani nikatafuta habari zake, nikakuta kumbe mtu huyo kasoma Cambridge na Ujerumani hadi udaktari. Nimechanganyikiwa. Aliipinga shule au aliitaka? Na mimi mwenye darasa lililojaa, mtihani wa taifa unatungoja, mawazo yake nitayafanyia nini? Kingine, wasichana aliwasemaje?"

Wa alaykumu s-salaam, mwalimu. Kwanza dogo la kuweka sawa: Iqbal hakuwahi kuiona Pakistan. Alifariki Lahore tarehe 21 Aprili 1938, nchi hiyo ikazaliwa 1947, ndipo ikamfanya mshairi wake wa taifa. Yeye aliishi India ya mkoloni wa Kiingereza, na shule anayoilaumu ni ile aliyoikuta humo, aliyosoma humo na kufundisha humo.

Shairi ulilolisikia nadhani ni lile la Bal-e-Jibril, diwani ya 1935, maana ndilo linalopendwa sana mihadharani. Kwa maana yake tu, linasema: nakushtakia, ewe Mola, mabwana wa shule, makinda ya kozi wanayafunza kuchezea mavumbi. Kozi huyu, ambaye kwa lugha yake Iqbal humwita shahini, amejaa katika mashairi yake: hajengi kiota, hali windo la mwingine, huruka juu na peke yake. Wazee wa pwani nao walimjua ndege huyo, wakasema kozi mwandada, kulala na njaa kupenda.

Sasa yatazame mashtaka yenyewe. Iqbal halalamiki kwamba watoto wanasomeshwa Kiingereza, wala hataji hesabu au kemia. Analoliona ni kwamba kiumbe aliyeumbwa kuruka anafunzwa kutambaa, na anafuzu, na anapewa cheti. Mashtaka hayo yanaweza kuikuta shule yoyote, pamoja na hiyo unayosomesha jioni. Ukifungua kurasa nyingine za diwani hiyo hiyo utamkuta anasema ametoka shuleni na kwenye zawiya za masufi akiwa na huzuni, hakuona huko uhai, wala mapenzi, wala maarifa, wala jicho la kuona mbali. Wote wawili kawaweka kapu moja. Na hapa jihadhari: neno madrasa katika Kiurdu cha Iqbal mara nyingi ni shule yoyote ile, hata chuo cha serikali chenye madawati na maprofesa. Msikilizaji wa kwetu akilisikia anaona chuo cha Kurani, msemaji naye akipenda analielekeza anakotaka.

Ili uelewe ugomvi ulikotoka, mkumbuke Macaulay, mkubwa wa Kiingereza katika serikali ya India. Mwaka 1835 aliandika waraka wake maarufu kwa serikali ya India, akataka litengenezwe tabaka la watu Wahindi kwa damu na rangi lakini Waingereza kwa ladha, maoni, maadili na akili. Mwaka 1857 vikaanzishwa vyuo vikuu vya Calcutta, Bombay na Madras. Waislamu, ambao dola yao ilikuwa imevunjika, wakajibu kwa njia mbili zilizopeana mgongo. Deoband, 1866, wanazuoni walihifadhi elimu ya dini wakajitenga na mkoloni. Aligarh, 1875, Sayyid Ahmad Khan alifungua chuo cha sayansi na Kiingereza ili vijana wa Kiislamu wasiachwe nyuma. Iqbal alipokuwa mtu mzima alikuwa na mazao ya pande zote mbili mbele ya macho yake: huku alimu anayejua matini za karne nyingi lakini dunia ya leo imempita, huku kijana wa digrii anayesubiri barua ya kuajiriwa ukarani.

Huyu wa pili ndiye aliyemuuma zaidi. Katika Zarb-e-Kalim, diwani ya 1936 ambayo ina sehemu nzima ya malezi na elimu, anamwambia mwanafunzi: zama hizi ndizo Malakul-mauti wako, zimekutoa roho kwa kukupa wasiwasi wa riziki. Ukali wa usemi huo unawachoma wengi, na wapo wanaomjibu kwamba maskini hana anasa ya kudharau mshahara. Lakini Iqbal hakuwa mtu wa kudharau njaa. Mwaka 1904, kabla hajaenda Ulaya, alitoa kitabu cha elimu ya uchumi kwa Kiurdu, na katika utangulizi wake aliandika jinsi ufukara unavyoitia kutu roho ya binadamu. Yeye mwenyewe aliishi kwa uwakili, na miaka ya mwisho, maradhi yalipomzidi, alipokea rupia 500 kwa mwezi kutoka kwa Nawabu wa Bhopal. Alichokikataa ni shule kuifanya riziki kuwa kipimo pekee, hadi mtoto wa miaka kumi na mitano haulizi jambo lolote isipokuwa kama litatoka kwenye mtihani. Huyo mtoto unamjua, mwalimu, yuko dawati la mbele.

Kuhusu Ulaya, msimamo wake uko wazi kuliko wanavyousimulia. Alikwenda 1905, akasoma falsafa Trinity College, Cambridge, akapata udaktari Munich kwa utafiti wa falsafa ya Uajemi, na mwaka 1908 akakubaliwa kuwa wakili London. Miaka ishirini baadaye alitoa mihadhara Madras, Hyderabad na Aligarh, ikakusanywa kitabu 1930 chini ya jina la kuijenga upya fikra ya dini katika Uislamu. Katika mhadhara wa kwanza anasema hakuna ubaya wowote katika Waislamu kuielekea Magharibi kwa kasi, kwa sababu upande wake wa kiakili ni muendelezo wa baadhi ya hatua muhimu za utamaduni wa Kiislamu wenyewe. Hofu yake ni moja: kwamba mng'aro wa nje wa Ulaya utatuzuia tusifike ndani yake. Kwa maneno mengine, aliona tunachukua suti na lafudhi, tunaacha maabara.

Katika mhadhara wa tano anakwenda mbali zaidi. Anadai kuwa kuja kwa Uislamu ndiko kuzaliwa kwa akili inayotafuta ukweli kwa kuchunguza na kupima, kinyume cha Wayunani waliopenda kufikiri wakiwa wamekaa. Kurani, anasema, inamsukuma mtu atazame ngamia, mawingu, usiku na mchana, na habari za mataifa yaliyopita. Kwa hiyo chemchemi za elimu kwake ni tatu: maumbile, historia, na yale mtu anayoyapata ndani ya nafsi yake. Wanahistoria wa sayansi wanaweza kumwambia amewaonea Wayunani, na mimi naona amewaonea kweli. Lakini kwa mwalimu matokeo yake ni makubwa: kipindi cha baiolojia si mgeni ndani ya nyumba ya Mwislamu, na anayekifundisha hana haja ya kuomba radhi wala kukipamba kwa aya ili kipate ruhusa ya kuingia.

Basi kama tatizo si somo, ni nini? Hapa inabidi nikuelezee khudi, neno ambalo bila hilo Iqbal hasomeki. Mwaka 1915 alitoa kwa Kiajemi Asrar-e-Khudi, siri za khudi, na masufi wengi walikasirika, kwa sababu wao walifundisha kuiyeyusha nafsi na yeye anasema ijengwe. Khudi kwake ni ule msingi wa ndani unaomfanya mtu awe yeye, mwenye kutaka, kuchagua na kujibu mbele ya Mungu kwa alichochagua. Kiburi si khudi; mwenye kiburi anahitaji watu wa kumtazama. Elimu yoyote inayoimarisha msingi huo ni elimu, inayoulegeza ni sumu hata kama kitabu chake ni kitakatifu.

Na kinachoulegeza, anasema, ni kuomba. Anatoa kisa cha Sayyidna Umar aliyekuwa juu ya ngamia, mjeledi ukamponyoka. Akashuka mwenyewe kuuokota, asimwombe mtu. Ukisoma haraka utadhani ni mawaidha juu ya ombaomba wa barabarani. Iqbal anaupanua: anayeomba mawazo ya wengine naye ni mwombaji. Mwanafunzi anayesema "mwalimu, tuandikie notsi ubaoni", taifa linaloazima sheria na mitaala bila kuichambua, alimu anayenakili fatwa ya karne ya tano kwa swali la leo, wote wamenyoosha mkono.

Katika kitabu hichohicho kuna kisa kingine kinachonipendeza zaidi kwa ukorofi wake. Kondoo walikuwa wanaliwa na chui wakubwa. Kondoo mmoja mzee, mjanja, akaona hawezi kuwafanya kondoo wawe wakali, lakini anaweza kuwafanya chui wawe kondoo. Akajidai ametumwa, akahubiri kwamba mwenye nguvu ni mwovu, kwamba pepo ni ya wanyonge, na kwamba nyasi ni chakula bora kuliko nyama. Chui walikuwa wamechoka na mawindo, wakayapenda maneno. Wakala majani. Meno yakawalegea, makucha yakabutuka, macho yakafifia, na kuporomoka kwao huko wakakuita ustaarabu. Iqbal alikuwa anampiga Plato, mwanafalsafa wa Kiyunani, hapo, lakini msomaji wa India ya 1915 hakuwa na shida ya kujua ni nani anayelishwa majani darasani.

Usidhani basi kwamba anataka watoto waachiwe wafanye watakalo. Malezi ya khudi ana hatua zake tatu, na ya kwanza ni utiifu. Mfano wake ni ngamia anayebeba mzigo jangwani kimyakimya mpaka mwisho wa safari. Kutokana na kulazimishwa, anasema, ndipo uhuru huzaliwa. Hewa hugeuka harufu nzuri kwa kufungwa ndani ya ua. Ya pili ni kuitawala nafsi, na humo zimo swala, saumu na zaka. Ya tatu ndiyo lengo, ukhalifa wa mwanadamu duniani, mtu anayeweza kuumba jambo jipya. Shule nyingi, za dini na za serikali, zinakwama hatua ya kwanza. Zinazalisha ngamia wazuri kabisa, watiifu, wavumilivu, na siku ya mahafali hakuna aliyewaambia kuwa safari ina hatua mbili zaidi.

Kuna ubeti mdogo wa Zarb-e-Kalim, unaomhutubia mwanafunzi, ambao mimi naona una falsafa yake yote ya elimu ndani ya mishororo minne. Anamwombea dua ya ajabu: Mungu akukutanishe na tufani, maana mawimbi ya bahari yako hayana mtikisiko. Kisha anamwambia huwezi kuachana na kitabu, kwa sababu wewe ni msomaji wa kitabu, hujawa mwenye kitabu. Mtu wa madrasa anauelewa vizuri kuliko profesa. Inasimuliwa kuwa Iqbal akiwa kijana alikuwa akisoma Kurani asubuhi, baba yake, fundi wa nguo asiyepita shule lakini mtu wa ibada sana, akamwambia: isome kana kwamba inateremshwa kwako. Miaka mingi baadaye hilo likawa ubeti: mpaka kitabu kiteremke katika dhamiri yako, hatakufungulia fundo Razi wala mwenye Kashshaf. Wewe unayewajua Razi na Zamakhshari mwenye Kashshaf, wafasiri wakubwa wa Kurani, unaona alivyothubutu. Hakusema tafsiri zao zitupwe, alizisoma. Anasema haziwezi kufanya kazi ambayo ni ya msomaji mwenyewe.

Mwalimu aliyemfungua macho yeye alikuwa Sayyid Mir Hasan wa Sialkot, mji wa Punjab alikozaliwa Iqbal 1877. Mir Hasan alikuwa bingwa wa Kiarabu na Kiajemi, na mshahara wake aliupata katika shule ya wamisheni wa Kiskoti, asione mgongano wowote. Serikali ilipotaka kumpa Iqbal cheo cha "Sir", mwanzoni mwa 1923, inasimuliwa alishikilia kwanza mwalimu wake apewe lakabu ya Shamsul-Ulamaa. Wakuu wakauliza mzee huyo ameandika vitabu gani. Iqbal akajibu: kitabu chake ni mimi. Mir Hasan akapewa.

Wanaosema Iqbal alikuwa mtu wa mawinguni wanasahau jinsi alivyojishughulisha na watoto. Mwaka 1902 aliandika katika jarida la Makhzan la Lahore makala ya malezi ya watoto, akitaka mwalimu aanze na maumbile ya mtoto kabla ya kuanza na somo. Miaka hiyo pia alitunga mashairi ya watoto, mengine kwa kuazima visa vya washairi wa Kiingereza na Marekani na kuvivisha nguo za kwao. Liko la mlima na kindi, asili yake Emerson. Mlima unamdharau kindi kwa udogo wake. Kindi anaujibu: kama wewe mkubwa, hebu ipasue hii popoo nione. Popoo ileile ya tambuu, mwalimu! Emerson alisema kokwa tu, Iqbal akaweka kitu ambacho mtoto wa Punjab anakiona kila siku kwenye sahani ya bibi yake. Na ile Dua ya Mtoto, ambayo mpaka leo wanafunzi wa Pakistan huiimba mistarini asubuhi, inaomba maisha yawe kama mshumaa, mtoto aipende taa ya elimu kama nondo, na kazi yake iwe kuwasaidia maskini na kuwapenda wanyonge. Hakuna kozi humo, wala mawindo. Kwa mtoto mdogo alianza na huruma.

Sasa darasa lako. Iqbal hakuacha mtaala, na anayekuuzia "mtaala wa Iqbal" amejitungia. Hata alipoalikwa Kabul mwaka 1933 na mfalme wa Afghanistan, Nadir Shah, kushauri juu ya elimu na chuo kikuu, hakwenda peke yake: alifuatana na Sayyid Sulaiman Nadwi, alimu wa dini, na Ross Masood wa Aligarh, msomi wa Oxford. Ujumbe wenyewe ulikuwa jibu. Muda mfupi baada ya ziara hiyo mfalme akauawa.

Ila yapo ya kufanya hata na mtihani mlangoni. Chukua swali la historia la namna mnayoijua, "eleza sababu sita." Wanafunzi wanameza pointi sita ulizowaandikia. Wape tano, ya sita waitafute, na anayeileta aitetee mbele ya wenzake mpaka wamshinde au awashinde. Hutapoteza zaidi ya kipindi kimoja, na mtihani hautadhurika. Jioni madrasani, mtoto akishahifadhi sura fupi, muulize yeye, kabla hujamfasiria, ni neno gani limemgusa na kwa nini. Atajibu ovyo mara za mwanzo. Mwache. Na usimpe kila mara jibu la swali aliloweza kulifikia kwa kunyoosha mkono kidogo tu zaidi. Huo ndio mjeledi wa Umar.

Nikuonye pia juu ya kozi. Ndege huyu amependwa na wanasiasa na wanajeshi, na si vigumu kuona kwa nini: nguvu, makucha, upweke wa juu. Ukimfundisha mtoto hapo tu utapata mbabe. Iqbal mwenyewe aliliona hilo, ndiyo maana miaka mitatu baada ya kitabu cha khudi alitoa kingine, Rumuz-e-Bekhudi, 1918, cha mtu kujifunga na jamii yake. Wengi wanaomnukuu wamekiruka.

Kuhusu wasichana, sitakuficha. Katika Zarb-e-Kalim kuna beti zinazosema elimu inayomtoa mwanamke katika uanamke wake, watu wenye busara huiita mauti, na shule ya msichana ikikaa mbali na dini basi elimu na ufundi ni kifo kwa mapenzi. Kielelezo chake cha mwanamke ni Bi Fatima, mama wa mashahidi. Heshima ipo kubwa, lakini ni heshima ya mama, na msichana anayetaka kuwa mhandisi hapati mlango humo. Watetezi wake husema alikuwa anaikemea Ulaya, na wana sehemu ya haki. Pia nyumbani kwake, mkewe alipofariki 1935, alimleta mama wa Kijerumani kuwalea mwanawe Javid na mdogo wake Munira, jambo ambalo mwenye kuichukia elimu ya Kizungu asingelifanya kwa binti yake. Hata hivyo beti zimeandikwa, na mimi sizifuati. Yeye ndiye aliyesema khudi haina mbadala na kwamba kila mtu atasimama mbele ya Mola na nafsi yake. Hakuna mahali katika hoja hiyo panaposema ya msichana ijengwe nusu. Hao wa darasani kwako wafundishe kwa Asrar-e-Khudi, na ukiulizwa na sheikh, mwambie umemshika Iqbal kwa kauli yake mwenyewe.